Vihenge Mia Nne Thelathini na Nane

Simeo mwana wa Habakuki alivihesabu vihenge vya kijiji cha Mazingara kwa siku nne, na cha mwisho kilipoingia kwenye daftari alitamani kucheza ngoma peke yake pale njiani. Mia nne thelathini na nane! Mwaka uliopita karani aliyemtangulia alipata mia mbili na kumi na nne. Mtu hahitaji kusoma sana kuona kwamba hiyo ni mara mbili na zaidi, na Simeo alikuwa amesoma. Alisoma kwa wamisheni kule kwao Usambara, mwandiko wake ulinyooka kama uzi, na koti lake jeupe alilifua mwenyewe kila Jumamosi asije mtu akalikunja vibaya.

Kihenge ni ghala la fito linalosimama nyuma ya nyumba, la kuwekea mahindi na mtama. Serikali ya Wadachi ilitaka kujua kila mwaka nchi ina chakula kiasi gani, nayo haikuwa na muda wa kuingia jikoni kwa watu. Ikasema, hesabuni vihenge. Simeo akahesabu. Kisha akaandika kwa Akida Athuman wa Korogwe barua fupi, na mwisho wake akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemwomba: "Neema ya Mazingara imezidi maradufu." Ebo! Ungemwona alivyoyasoma mara tatu huku akitabasamu. Alikuwa ameahidiwa kwamba akifanya kazi nzuri atahamishiwa stesheni ya Korogwe, akae karibu na gari la moshi, aione milima ya kwao kila asubuhi. Tarishi alipoichukua ile barua, Simeo alimsindikiza mpaka mtoni.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na mbili. Mazingara nzima aliyejua kusoma alikuwa yeye peke yake, kwa hiyo Jumbe Sadala akaita watu barazani, akamwambia, "Haya karani, tusomee, tusikie wakubwa wanasemaje."

Simeo akasimama, akakohoa kidogo, akaanza kwa sauti ya kanisani. Akida anawasalimu. Akida anafurahi. Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa wilaya, naye amefurahi sana kusikia Mazingara ina chakula cha miaka miwili. Basi, kwa kuwa watu wameshiba na hawana shida ya kulima mwaka huu, wanaume themanini watapewa vipande, yaani kadi za kuhesabia siku za kazi, na kwenda kukata mkonge upande wa Ngombezi kwa miezi minne, kuanzia mwezi wa kumi. Na nusu ya vihenge itanunuliwa iwe posho ya hao wafanyakazi. Majina ya wanaume ni haya yafuatayo.

Sauti ya kanisani iliishia hapo. Majina aliyasoma kwa kunong'ona, na la tisa lilikuwa Isihaka, mtoto wa mwisho wa Bibi Mashavu, mama mwenye nyumba aliyokuwa akilala yeye Simeo na kula kila siku.

Mwezi wa kumi ni mwezi wa kupanda vuli, na kila mtu pale barazani alijua masika yale yalikuwa yamewaangusha. Mahindi yalikauka yangali na ndevu. Bila vuli hakuna kitu, na bila wanaume wa kufyeka na kutifua hakuna vuli. Jumbe Sadala alimtazama Simeo, akauliza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Mwanangu, chakula cha miaka miwili umekiona wapi?"

"Nimevihesabu vihenge, mzee. Vimezidi mara mbili."

Bibi Mashavu akacheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwepesi wa utani, na tangu Simeo afike alikuwa hajampa siku ya kupumzika, maana Wazigua wa Mazingara na Wasambaa wa kwao Simeo ni watani tangu zamani. Lakini kicheko hiki hakikuwa cha utani. Akamshika mkono mbele za watu kama mtu anayemwongoza kipofu, akamtoa barazani.

Nyuma ya nyumba yake vilisimama vihenge vitano. Simeo alivijua vyote, ni vya mia na kumi na mbili mpaka mia na kumi na sita katika daftari lake.

"Kihenge kimoja kwenu milimani maana yake nini?" akamwuliza.

"Maana yake mtu amevuna kupita tumbo lake, bibi. Baba yangu alijenga kihenge mara moja tu, mwaka mahindi yalipotuzidi. Sisi ndizi zipo mgombani mwaka mzima, hatuzitilii ghala."

"Ndiyo maana. Mla ndizi!" Bibi Mashavu akakipiga kofi kihenge cha kwanza. "Mwaka wa shibe, mimi nina kimoja kikubwa, mtu mzima anasimama ndani, kinaingia pishi themanini. Kila kitu humo humo, nani ana wasiwasi? Lakini mwaka wa hofu twagawanya. Hiki cha kula mpaka vuli. Hiki cha kula wakati wa palizi. Hiki mbegu, nimekiziba kwa udongo na samadi, na atakayekigusa kabla ya mvua nitamvunja mkono hata awe mwanangu. Hiki cha Isihaka, ajifunze kujipimia. Na hiki cha mgeni na msiba. Kilichokaa pamoja huliwa pamoja, na njaa haina adabu. Kila nyumba hapa imefanya hivyo. Wewe umekuta vihenge vingi ukaona utajiri, nasi tulivijenga kwa sababu tunaogopa."

Akatoa kifuniko cha kile cha kwanza. Simeo akachungulia. Mahindi yalikuwa chini kabisa, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Siku nne alikuwa amezunguka na kalamu sikioni, na hakuinua kifuniko hata kimoja. Alijiambia ni adabu, si vizuri kuchungulia akiba ya watu. Adabu! Ukweli ni kwamba namba ilimpendeza, na namba ikikupendeza huiulizi maswali.

"Nimewaua," akasema.

"Bado," akajibu Bibi Mashavu. "Ukitaka kulia, lia upesi, tuna kazi."

Jumbe Sadala alikuwa na dawa yake tayari. Jioni ile alikuja na kiti chake, akakaa, akasema, "Andika tena. Andika hatuna kitu. Sifuri. Sema ulihesabu vihenge vitupu."

Simeo akachukua kalamu. Wallahi, aliichukua. Sifuri ni rahisi kuandika, na moyo wake uliojaa hatia ulikuwa unataka kuandika lolote litakalowafurahisha watu hawa. Bibi Mashavu ndiye aliyemzuia, na safari hii hakukuwa na utani sautini.

"Sadala, umesahau mwaka wa nzige? Si wewe uliyepeleka neno kwamba hatuna hata punje? Wakasemaje? Wakasema, vizuri, wenye njaa na waende shambani wakale posho. Mwanangu Mdoe akaenda. Walimchukua kwa miezi minne, leo ni mwaka wa sita. Nilirudishiwa blanketi." Akamgeukia Simeo. "Ukiwaambia tumeshiba, wanawachukua vijana kwa sababu tumeshiba. Ukiwaambia tunakufa, wanawachukua kwa sababu tunakufa. Huyu mtoto aandike kilichomo, basi."

Jumbe akakuna ndevu. "Na kilichomo ni nini? Nani anajua?"

Hapo ndipo Simeo alipogundua kwamba hakuna aliyejua. Kila mtu alijua chake, na chake alikificha. Kesho yake akaazima kipimo cha pishi, akaanza upya. Vihenge vyote hakuweza kuvifungua, vingine vilizibwa kwa mbegu na wenyewe wakasimama mlangoni na mchi. Akachagua thelathini, viwili vitatu kila upande wa kijiji, vya maskini na vya wenye nafasi, ili asije akajichagulia tena jibu analolipenda. Kimoja kilikuwa na pishi nne, kingine kumi na moja, vingi pishi saba au nane. Katika kihenge cha Jumbe Sadala alikuta pishi kumi na tisa, na mzee akaapa kwamba hata yeye anashangaa. Watu walicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu barua.

Safari hii barua yake ilikuwa mbaya kuisoma. Ilijaa "nadhani" na "karibu" na "sikufungua". Alieleza desturi ya kugawanya, akaeleza alivyopima thelathini na kuviacha vingine, akasema kwamba kwa kukisia kwake chakula chote hakifiki hata robo ya kile cha mwaka jana. Halafu akasema ataipeleka mwenyewe, maana Bwana Shauri anakuja Korogwe kwa gari la moshi kusikiliza mashauri, na jambo hili halifai kupitia mikono mingine.

"Karatasi yako ya kwanza ilikuwa karatasi," akasema Bibi Mashavu, "na ilikosea. Hii ya pili wataisadiki kwa nini? Mimi nakuja na kihenge."

"Kihenge, bibi? Mpaka Korogwe?"

"Si ulikihesabu? Basi kiende kikajitetee."

Jumbe Sadala akashauri wachukue kile cha pishi nne, kionekane kidogo zaidi. Simeo akakataa katakata. Alisema wakichagua kidogo kuliko vyote atakuwa amerudia kosa lile lile kwa upande wa pili. Wakachukua cha pishi nane, cha kula wakati wa palizi, cha Bibi Mashavu mwenyewe.

Siku tatu njiani. Siku ya kwanza Bibi Mashavu alikibeba kichwani peke yake, akiimba. Siku ya pili shingo ikamuuma, na karani wa serikali, na koti lake jeupe, akajitwika kata ya majani na kihenge juu yake. Watu waliokutana nao njiani walisimama wakatazama. "Shikamoo, mama," mmoja akasema, "na huyo punda umempata wapi?" Bibi akamjibu kwamba amemnunua Usambara, bei rahisi, lakini anakula sana. Siku ya tatu walipita kando ya mashamba ya Ngombezi, mkonge umejipanga mstari kwa mstari mpaka macho yakachoka, na kambi ndefu za wafanyakazi. Hapo Bibi Mashavu hakuimba. Alitembea akitazama kila kijana aliyekatiza njia, mpaka mashamba yakaisha.

Baraza la Korogwe lilikuwa limejaa. Bwana Shauri alikaa nyuma ya meza, mtu mwembamba mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Akida Athuman alisimama kando yake na kanzu iliyopigwa pasi. Simeo alipotoa barua ya pili, akida aliisoma kwanza, na uso wake ukageuka. Alikuwa ameshawaahidi wenye shamba watu themanini.

"Bwana," akasema, "karani huyu amehongwa na majumbe. Jana neema, leo njaa. Mkono ni ule ule."

Bwana Shauri akaziweka barua mbili mezani, moja kando ya nyingine. "Karani. Ipi ya uongo?"

Nje ya baraza, askari mmoja alikuwa ameegemea nguzo na kiboko mkononi, na kila mtu nchini alijua hesabu yake, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. "Hakuna ya uongo, bwana," akasema Simeo. " Vihenge ni mia nne thelathini na nane, vilikuwepo na vipo. Kosa ni langu, niliandika maana yake kabla ya kuijua. Niliandika neema, nami sikuwa nimetazama ndani."

"Serikali inakulipa utazame!"

"Ndiyo, bwana. Ndiyo maana nimerudi."

Watu wakaguna. Bwana Shauri akaanza kuinua mkono kumwita askari, na hapo kukawa na vurugu mlangoni. Bibi Mashavu alikuwa anaingia, kihenge kichwani, na kwa kuwa mlango ulikuwa mfupi aliingia amepiga magoti nusu, akiwaambia askari wawili wampishe, hawaoni mtu ana mzigo? Akafika mbele ya meza, akasimama wima.

"Hiki nini?" akauliza Bwana Shauri.

"Ni kimojawapo, bwana," akasema Simeo. "Katika ile mia nne thelathini na nane, hiki ni cha mia na kumi na tatu. Mama huyu na mimi tumekibeba kutoka Mazingara kwa zamu. Nacho hakikupunguzwa."

Bwana Shauri akavua miwani, akaivaa tena. Akamwamuru askari akiteremshe. Askari akajiandaa, akapanua miguu kama mtu anayeng'oa gogo, akakivuta kwa nguvu, na kihenge kikamjia kifuani upesi hata akayumba nyuma. Baraza zima likaangua kicheko, na midomo ya Bwana Shauri mwenyewe ikatikisika kidogo. Akaagiza pishi iletwe. Mahindi yakapimwa pale pale mbele ya meza, juu ya mkeka. Nane, na vibaba viwili juu.

"Na cha mwaka jana?"

"Pishi themanini, bwana," akajibu Bibi Mashavu mwenyewe. "Ungekuja nacho mpaka hapa, ningekupa binti."

Bwana Shauri hakucheka. Alichukua kalamu akaandika tarakimu pembeni mwa karatasi, akazidisha, akafuta, akazidisha tena. Mambo ya watu hayakumgusa sana mtu yule, lakini hesabu mbovu ilimuuma kama jino. Hatimaye akamtazama Simeo. "Watu hawa watakufa njaa? Ndiyo au hapana?"

Hapo, msomaji, ndipo palipokuwa na mtego. Ndiyo ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ndiyo ingeeleweka upesi, ingemwokoa mgongo, na Bibi Mashavu alikuwa amesimama karibu naye, jasho la siku tatu likimtoka. Lakini heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wake ulikuwa umeshajikwaa mara moja.

"Sijui, bwana. Ninalojua ni hili. Wakichanganya na muhogo, chakula kinaweza kufika mpaka vuli ivunwe, kama vuli itapandwa na mvua ikanyesha. Wanaume wakiondoka kabla ya kupanda, hakitafika. Na mbegu zikinunuliwa ziwe posho, hakitafika. Mvua siijui mimi."

Akida Athuman akapiga ulimi. "Karani gani huyu asiyejua?"

"Wa kwanza kwenye meza hii," akasema Bwana Shauri, na hakuna aliyeelewa kama ni sifa au tusi. Gari la moshi likapiga honi stesheni. Kisha akatoa amri, moja baada ya nyingine, bila kuinua kichwa. Vihenge vya Mazingara visiguswe. Wanaume waende arobaini badala ya themanini, na waende baada ya kupanda na kupalilia. Akida awaambie wenye shamba wangoje. Na karani arudi Mazingara, asihamishwe stesheni wala mahali pengine, na kila mwaka apime, asihesabu tu.

Haikuwa haki yote, na Bibi Mashavu aliijua tofauti. Arobaini ni watoto wa watu. Lakini alipotoka nje alikaa chini kwenye mchanga, akamvuta Simeo akae naye, akalia waziwazi, akaimba kidogo, akalia tena. Simeo alitazama milima ya kwao ng'ambo ya reli, bluu na karibu, akajua hataiona kila asubuhi. Ilimuuma, hatusemi uongo. Halafu bibi akampa kihenge abebe, maana zamu ilikuwa yake.

Vuli ilinyesha. Isihaka alipanda, akapalilia, akaenda Ngombezi na wale arobaini, na miezi minne ilipotimia akarudi na kipande chake kimejaa alama na kikohozi kilichokwisha kwa asali. Masika yaliyofuata yalikuwa ya kusimuliwa.

Simeo akapita tena na daftari. Mia moja themanini na tatu. Akida, ambaye alikuwa hajamsamehe, akamletea barua ya haraka: vihenge vimepungua zaidi ya nusu, je, hii siyo njaa? Ajibu mara moja. Simeo hakujibu mara moja. Aliikunja barua, akaenda nyuma ya nyumba ya Bibi Mashavu. Vile vitano havikuwepo. Viwili walikuwa wamewapa kuku, viwili vilikuwa kuni za kupikia ugali, na kile cha mia na kumi na tatu kilining'inia ukutani, kitupu, bibi hataki mtu akiguse. Mahali pake kilisimama kimoja kikubwa, kimekandikwa udongo mpya.

"Andika neema," akasema Isihaka.

"Bado," akasema Simeo. Akavua koti, akalitundika, akakikumbatia kihenge kwa mikono miwili, akakaza meno na kusukuma. Hakikutikisika. Isihaka akaja akasaidia, miguu yao ikachimba mchanga, na kihenge kikakaa vile vile kama kimeota mizizi. Bibi Mashavu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akawaona wamening'inia pale wakihema, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa andika, mla ndizi," akasema.

Simeo akainua kifuniko kwanza.